Acheni Kumuuliza Mtafiti Changamoto

Alhamisi iliyopita nilizima redio kwa hasira mpaka kitufe kikabaki mkononi. Redio yenyewe ya marehemu baba, kwa hiyo hasara ni yangu, nimeibeba.

Kipindi kilikuwa cha saa nzima. Mgeni wa studio ni dada mmoja mtafiti wa chuo kikuu, mwaka wa nne huu anahangaika na dagaa wa ziwa letu, Tanganyika. Nami nilijiandaa: chai ya tangawizi, muhogo wa kuchemsha, mkeka barazani. Mtangazaji akaanza kusoma wasifu wa mgeni. Shahada ya kwanza, ya pili, anamalizia ya tatu, kashiriki semina hii, kashiriki kongamano lile. Dakika tisa, nilizihesabu. Kisha likaja swali la kwanza, na wasomaji wangu mnalijua hata kabla sijaliandika: "Je, ni changamoto zipi unazokumbana nazo katika utafiti wako?"

Dada wa watu akajibu. Mafuta ya boti yamepanda, vifaa vinakwama bandarini, fedha hazitoshi. Swali la pili: unatoa wito gani kwa serikali? La tatu: unatoa wito gani kwa jamii? La nne: unatoa wito gani kwa vijana? Nikasema la tano lazima liwe wito kwa dagaa wenyewe.

Simu zikafunguliwa. Akaingia mzee kutoka Katonga, sauti imekauka kama ya mtu aliyekesha majini. Mgeni akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, halafu akasema: "Mwanangu, mimi nina moja tu. Ziwa hili lina kuhe, lina migebuka, lina sangara, wewe ukaona dagaa. Ulianzaje?"

Mtangazaji akacheka. Akamshukuru mzee, akasema muda umetutupa mkono, tusikilize matangazo. Likaja tangazo la godoro. Hapo ndipo kitufe kilipong'oka.

Swali la yule mzee ndilo lililokuwa kipindi. Yale mengine yote yalikuwa magodoro.

Jamani, changamoto za watafiti ni zilezile. Mtoe huyo wa dagaa, mlete wa mbegu za muhogo, mlete wa nyuki wa Tabora, mlete wa malaria: mafuta, vifaa, fedha. Unaweza kurekodi kipindi kimoja ukakirusha mwaka mzima kwa kubadilisha jina tu. Lakini kwa nini mtu mzima, mwenye akili zake, aamke saa tisa usiku akapande boti na wavuvi, akatapike mara mbili kabla ya kufika, ili apime urefu wa samaki anayelingana na kidole, hilo hakuna wawili wanaolijibu sawa. Na hilo hatuwaulizi.

Samahani, nimekosea. Tunawauliza, ila wageni.

Hapa mjini kwetu Kigoma, hata aliyeishia darasa la nne anajua Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe, alianzaje. Anajua alishuka Gombe, msitu wa sokwe kando ya ziwa, Julai 1960, binti wa miaka 26, hana shahada hata moja, kaja na mama yake kwa sababu wakubwa wa kikoloni hawakukubali akae porini peke yake. Ukimchimba zaidi atakusimulia habari ya utotoni, binti yule alivyojibanza bandani kwa saa kadhaa kumvizia kuku ili aone yai linatokea wapi, nyumbani wanamtafuta roho juu. Hadithi nzuri, naipenda, na bibi wa watu aliisimulia bila kuchoka mpaka alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Dunia nzima iliijua kwa sababu kila aliyeketi naye alimuuliza.

Sasa niambieni, Hilali Matama alianzaje?

Kimya.

Januari 1974, hukohuko Gombe, sokwe dume wa kundi la Kasakela walivuka kwenda eneo la wenzao wa kundi la Kahama (si Kahama mjini), wakamkamata mmoja anayeitwa Godi, wakampiga mpaka wakamwacha hoi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kushuhudia sokwe wakiwavamia sokwe wenzao namna hiyo, kwa kudhamiria, na ndio ukawa mwanzo wa vita vilivyoendelea kwa miaka minne hivi. Wasomi walibishana, wengine hawakutaka kuamini, na mpaka leo vinafundishwa vyuoni. Aliyekuwa pale kichakani, akiona kwa macho yake na kuandika, ni Hilali Matama. Mtu wa huku.

Mwaka uliofuata, Mei 1975, waasi walivuka ziwa usiku kutoka ng'ambo wakateka vijana wanne kambini Gombe. Baadaye waliachiwa wote, lakini wanafunzi wa kigeni wakaondolewa. Nani aliendelea kuamka alfajiri na kuwafuata sokwe mabondeni? Watanzania walioajiriwa pale, ambao kwenye vitabu wanaitwa "wasaidizi". Walikuwa wanamsaidia nani, wakati mwenye kusaidiwa hayupo?

Na walikuwa wanaandika kwa Kiswahili. Hili huwa nalisema kwenye harusi, msibani, popote nikipewa nafasi, na mke wangu ameshanionya. Kumbukumbu za Gombe za miaka na miaka, nani kala nini, nani kagombana na nani, nani kazaa, ziliandikwa kwa mkono na watu hao kwa Kiswahili, halafu ndipo zikatafsiriwa kwenda Kiingereza. Ukisikia tena mtu anasema lugha yetu haiwezi sayansi, mwambie apande boti pale Kibirizi.

Lakini kilichomfanya Hilali arudi mlimani kesho yake, baada ya kuona alichokiona siku ile, mimi sijawahi kukisikia. Alimpenda yule Godi? Aliogopa? Jioni alimwambia nani nyumbani? Kuku wa Uingereza tunamjua mpaka banda lake. (Mahale, kwenye sokwe wengine kusini mwa Gombe, nako ni hivyohivyo: Profesa Nishida wa Kyoto, aliyewatafiti, tunamtaja kwa heshima, na anastahili. Watongwe, wenyeji waliompitisha kwenye vijia vile, tunawataja kwa wingi, "Watongwe", basi.)

Ninyi mtaniambia watafiti wenyewe ndio wagumu. Sawa, nakubali, ingawa sikupanga kukubali. Wengine ukiwauliza jambo dogo wanakujibu kama wanasoma kibao cha ofisi. Wengine wanakuja na dodoso la kurasa kumi na nne, wanakuuliza una wake wangapi na choo cha aina gani, ukitaka kumuuliza yeye lako moja anatazama saa. Matokeo yakitoka yanatoka kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo kulisoma ni kwa dola. Na wapo wanaorudi, wakabandika karatasi ya Kiswahili ofisi ya kijiji, nimewaona wawili.

Lakini kuna mahali jambo hili linaacha kuwa la redio na magodoro.

Mnakumbuka 2024 ziwa lilipofungwa, uvuvi ukasimamishwa, Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi mitatu. Sitaki kurudia mjadala ule, kila mtu ana makovu yake, na mimi mwenyewe sasa naona kulikuwa na hoja. Ninachokumbuka ni mikutano. Kila aliyesimama alisema: "Utafiti umeonyesha." Utafiti umeonyesha samaki wamepungua. Utafiti umeonyesha wanahitaji kupumzika. Mama mmoja mwanika dagaa, jirani yangu, aliniuliza tukiwa tunarudi: "Huyu Utafiti ni nani? Mbona yeye haji?" Tukacheka, lakini hakuwa anatania. Mtu ambaye hujawahi kumwona sura, hujui kazaliwa wapi wala anapenda nini, ndiye anayekwambia ukunje vyavu na chanja zako zikae tupu. Ungemwamini?

Kumbe huyo Utafiti ana sura. Mimi nilishamwona. Ni yule dada wa redioni.

Katikati ya Septemba mwaka huohuo, ziwa limefunguliwa kama mwezi tu, nilikuwa Kibirizi kumsubiri mtu wa mzigo ambaye hakutokea. Mbalamwezi ilikuwa imekaribia kujaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo kazi imelala, mitumbwi imevutwa mchangani, watu wanashona vyavu. Yeye alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga imefungwa juu ya suruali, na mbele yake wazee watatu na mimi niliyejidai napita.

Mzee mmoja, mkono wake mmoja una vidole vinne, akamuuliza lilelile la Katonga. Sijui, labda ndilo swali la wavuvi wote. Mwanangu, kwa nini dagaa?

Dada akasema bibi yake alikuwa mchuuzi Tabora, akipokea dagaa wanaoshushwa na treni ya Kigoma. Yeye akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kuwamwaga kwenye ungo na kuchagua mawe na mchanga. Mchana kutwa. Siku moja akamuuliza bibi, hawa wana umri gani? Bibi akamjibu: "Samaki hana siku ya kuzaliwa, chagua mawe." Akasema alikasirika sana, akakaa na hasira ile mpaka chuoni, mpaka siku mwalimu alipowapa samaki wampasue kichwa, akawaonyesha kuwa ndani ya sikio lake kuna kijiwe, na kijiwe kile kinaongeza duara moja kila siku anayoishi.

"Kumbe jiwe la kuchagua lilikuwa humo," akasema. Wazee wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa.

Akatoa simu. Kijiwe chenyewe, alisema, ni kidogo kuliko punje ya mchanga, huwezi kukiona bila darubini, ila alikuwa amekipiga picha. Kilifanana na kitunguu kilichokatwa katikati, duara ndani ya duara, zimebanana. Mzee wa vidole vinne akaishika ile simu kwa mikono miwili, akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

Halafu wakazungumza, na haya mengine ningeyasikiliza mpaka giza. Dada akawaeleza kwamba ziwa hili, pamoja na urefu wake wote wa kwenda chini, mita 1,470, samaki wanakaa sehemu ya juu tu. Ukipita mita mia, mia mbili na kitu, hakuna hewa. Mbolea inayolisha vijidudu wanaoliwa na dagaa imelala huko chini, na upepo wa kiangazi ndio unaoikoroga ipande. Sasa maji ya juu yamezidi joto, na maji ya moto yanakaa juu ya ya baridi kama mawese juu ya mchuzi: ukorogaji umepungua, chakula kinabaki chini. Akasema wanasayansi wameliandika hilo tangu 2003. Mzee wa pili akasema wao walishasema upepo umebadilika, wakaambiwa ni wavivu. Dada akamtaka aeleze umebadilikaje, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona mtafiti anaandika bila dodoso. Aliandika kurasa mbili. Alimuuliza anayajuaje hayo, na nani alimfundisha, na akiwa na umri gani. Lile swali lilikuwa linaenda na kurudi.

Haya ndiyo mtangazaji aliyoyatupa ili tupate bei ya godoro la inchi sita.

Mzee wa vidole vinne alikuwa bado na simu. Akauliza, huyu wa kwenye picha ana duara ngapi? Dada akasema amezihesabu mara tatu: 97. Samaki alivuliwa wiki ya kwanza ya Septemba, hapahapa.

Mzee akatazama juu. Akaanza kukunja vidole, vile vinne na vitano vya mkono wa pili, akirudi nyuma, giza kwa mbalamwezi, giza kwa mbalamwezi. Alipofika akamrudishia dada simu yake.

"Huyu," akasema, "kazaliwa sisi tumekaa nyumbani."

Dada hakujibu. Aliinama akaandika.