Wastani haumo kwenye daftari la mahudhurio

Walikuja shuleni vijana wawili wa utafiti, vitambulisho shingoni, wakaomba chumba. Chumba hatuna, tukawapa kivuli cha mwembe. Wakachagua watoto kadhaa wa darasa langu la tatu, wakawasomesha aya fupi mmoja mmoja, wakajaza fomu zao, wakasaini kitabu cha wageni, wakaondoka. Sikuambiwa nani kasoma na nani kakwama. Miezi mingi baadaye redio ikatangaza kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawajui kusoma. Wepi? Hilo ndilo nililotaka kulijua, na wenye jibu walishaondoka nalo kwenye begi.

Sina ugomvi na utafiti. Nimeusoma kadiri nilivyoweza, tena kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kuna mambo humo nilitamani ningeyajua mwaka wa kwanza wa kazi. Kinachonikera ni kwamba unachukuliwa kwetu, halafu ukirudi unarudi ukiwa waraka.

Tuanze na chati za ukutani, maana hakuna semina ya zana za kufundishia isiyoishia kwenye chati. Magharibi mwa Kenya, wachumi akina Paul Glewwe na Michael Kremer walizilinganisha shule zenye chati na zisizo nazo. Zenye chati zilifanya vizuri zaidi. Mtu wa haraka angeishia hapo, aagize chati nchi nzima. Wao wakachukua shule 178, nusu zikapewa chati bila kuangalia ipi nzuri ipi mbaya, wakasubiri mitihani. Hakuna tofauti. Kumbe zile shule za mwanzo zilikuwa nzuri kwa sababu zake nyingine, na chati ilikuwa pambo la nyumba iliyokwisha kujengwa. (Zangu bado zipo ukutani. Zinaziba nyufa.)

Vitabu ndivyo vilivyonichoma zaidi. Huko huko magharibi mwa Kenya, upande wa Busia, miaka ya 1990, shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada. Nani angepinga vitabu? Wastani wa alama haukusogea. Walipofukua zaidi wakakuta kwamba waliopanda ni wale waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Aliye nyuma alipewa kitabu asichoweza kukisoma. Nilipomsimulia mwenzangu anayefundisha kidato cha kwanza, alicheka kile kicheko cha msibani. Sisi tumelijua hilo tangu 1984, watafiti Criper na Dodd walipopima Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari Tanzania, wakakuta hata kidato cha nne walio wengi hawajafikia kiwango cha kujifunzia kwa lugha hiyo, kisha wakapendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia. Kipimo kilisema hivi, pendekezo likaenda kule.

Kwetu pia tumepimwa vizuri. Mwaka 2013 na 2014, katika mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, shule 350 kwenye wilaya 10 ziligawanywa. Baadhi zilipewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu. Kwingine vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu. Fedha za shule peke yake hazikupandisha alama. Vyote viwili kwa pamoja vikapandisha. Ruzuku tunayo, walau kwenye makaratasi, lakini nusu ya pili ya jibu sijaiona katika waraka wowote ulionifikia. Sisemi tulipwe bonasi. Mimi mwenyewe naona haya mtoto kuwekewa bei. Ila ukisoma matokeo, yasome yote.

Hata ukiyasoma yote, kuna suala la mkono unaopika. Kenya walijaribu walimu wa mkataba: mpango uliposimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, watoto walipanda, mpango ule ule uliposimamiwa na serikali, kimya.

Basi mwaka jana nikachukua karatasi, nikaigawa safu nne: herufi, silabi, maneno, aya. Watoto 84, wawili watatu kila siku kabla ya paredi. Kumi na tisa walikuwa bado kwenye silabi. Mmoja wao ni binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani, daftari lake limejaa vema zangu mwenyewe za kalamu nyekundu. Akanisomea ukurasa wa kitabu bila kukosea, kidole kikifuata mstari. Nikaiziba picha kwa kiganja, nikafungua ukurasa mwingine. Akanyamaza. Miaka mitatu alikuwa ananakili ubao na kukariri sauti za wenzake, nami nikimsahihisha.

Kupanga watoto kwa kiwango si wazo langu. Mchumi Esther Duflo na wenzake walilipima Kenya katika shule 121 za msingi, na waliogawanywa kwa uwezo walipanda, wenye nguvu na wanyonge, kwa sababu mwalimu alijua anaongea na nani. Nikakubaliana na mwalimu wa darasa la pili: nusu saa kila asubuhi tubadilishane, wake wanaosoma waje kwangu, wangu wa silabi waende kwake. Muhula ulipoisha, kumi na mmoja kati ya kumi na tisa walikuwa wanasoma maneno. Huo si utafiti, najua. Sikuwa na darasa la kulinganisha, na huenda wangefika tu.

Kisha akaja mthibiti ubora mmoja, akakuta watoto wa darasa la tatu kwenye mkeka wakisoma ba, be, bi. Akafungua azimio langu la kazi, akaona wiki hiyo ni ufahamu wa habari. Akaandika: mwalimu afuate azimio. Nikamwonyesha karatasi ya safu nne. Akaniuliza hiyo fomu imetolewa na ofisi gani.

Nasikia vijana wa fomu watapita tena. Mwembe upo. Safari hii nitaomba kitu kimoja kabla hawajasaini kitabu cha wageni: ile karatasi yenye majina waniachie nakala. Mashine ya kurudufu ipo stendi, nauli ya bodaboda nitatoa mwenyewe.