Galaxy A06: simu ya laki tatu itakuwaje mwaka wa tatu?

Siku ya kwanza, simu za bei nafuu zote ni nzuri. Kioo kikubwa, mgongo unang'aa, WhatsApp inafunguka bila kusita, na selfi ya kwanza pale dukani inapendeza. Tofauti huanza kujitokeza baadaye, magrupu yakishakuwa mengi, nafasi ikibaki ya kuokoteza, na programu zile zile zikiwa nzito kuliko siku ulipozipakua. Kwa hiyo naona tathmini nyingi za simu hizi zinapima wakati usio wake. Anayeandika ameishika simu wiki moja, ilhali mnunuzi wa laki tatu anakusudia kukaa nayo miaka mitatu au minne, kisha amrithishe mdogo wake au mama kule kijijini.

Chukua Samsung Galaxy A06, ile ya 4G iliyotoka Agosti 2024. Hapa Dar es Salaam bei yake huzunguka laki tatu na ushei, kutegemea duka na ukubwa wa memori, na kwa kuwa mrithi wake, A07, ilishatoka 2025, muuzaji hana sababu ya kukaza sana ukimwomba apunguze. Ina kioo cha inchi 6.7, betri ya mAh 5,000, kamera ya megapikseli 50, laini mbili zikiwa na nafasi ya peke yake ya memori kadi, na kitambua alama ya kidole kwenye kitufe cha kuwashia, kitu ambacho A05 iliyoitangulia haikuwa nacho. Ukisoma boksi peke yake, huoni sababu ya kuongeza hela.

Wanaoiponda huanza na prosesa, na wana haki kiasi. Helio G85 ya MediaTek iliyomo humo ndiyo ile ile iliyokuwa kwenye Redmi Note 9 ya mwaka 2020. Yaani simu ya 2024 imewekewa injini iliyokwisha kuzoeleka miaka minne nyuma. Hata hivyo, nadhani lawama hii imepita kiasi. Kupiga simu, kutuma pesa, kusoma meseji, kuangalia video fupi na kufungua tovuti si kazi zinazoishinda G85. Itakuelemea ukicheza magemu mazito, na itapata joto ukiwasha hotspot huku unachaji. Zaidi ya hapo, mtu wa matumizi ya kawaida hatakwama kwenye prosesa. Atakwama kwenye RAM, ile memori ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi.

Toleo linalouzwa sana lina RAM ya GB 4. Kabla hujafungua chochote, Android yenyewe pamoja na yale Samsung iliyoongeza juu yake huwa vimeshakula sehemu kubwa ya hizo nne. Kinachobaki kinagombaniwa. Uko WhatsApp unaongea na mteja, unatoka kwenda kupiga picha ya mzigo, ukirudi WhatsApp inaanza upya kama haikujui. Ujumbe uliokuwa nusu umeandikwa unaweza kuwepo, unaweza usiwepo. Kwa anayechati na ndugu hilo ni kero ndogo. Kwa dereva wa bodaboda au bajaji anayefanya kazi kwa programu ni hela: programu ya abiria iko wazi, ramani iko wazi, inaingia simu, na mfumo unaamua kuua kimoja ili kingine kipumue. Kikiuawa kile cha abiria, safari inakwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo inapoingia ile hesabu ya ajabu ya madukani: "Hii ni GB nane, boss." Utakuta boksi za kampuni kadhaa zimeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, na kinyota kidogo pembeni ambacho hakuna anayekisoma. Maana ya kinyota ni kwamba nne ni RAM halisi na nne zimekopwa kutoka memori ya kuhifadhia. Samsung nao wana utaratibu huo, wanauita RAM Plus. Si uongo mtupu, maana unasaidia programu zilizolala zisifutwe haraka. Ila memori ya kuhifadhia ina mwendo wa chini sana kuliko RAM, ni sawa na kuhesabu stoo kuwa sehemu ya meza ya kukatia mboga. Na memori ya A06 ni aina ya eMMC 5.1, kiwango cha tangu 2015, wakati simu za daraja la juu zilishahamia aina yenye mwendo zaidi, UFS, miaka mingi. Ukikutana na muuzaji anayejumlisha, mwambie afungue mipangilio akuonyeshe RAM yenyewe.

Hiyo eMMC inastahili kutazamwa zaidi ya kamera, maana ndiyo inayoizeesha simu. Toleo la GB 64 halikupi 64, kwani zaidi ya robo ni ya mfumo na programu zilizokuja nazo. Baada ya hapo zinaingia video za harusi, za mahubiri, za vichekesho, sauti za dakika saba saba, picha za asubuhi njema zenye maua. WhatsApp isipozuiwa inashusha vyote hivyo kwenye simu yenyewe. Memori ya aina hii ikikaribia kujaa, simu nzima inakuwa nzito: kibodi inachelewa kutokea, kamera inafikiri kwanza ndipo ipige. Mwenye simu anasema "imechoka", anaanza kutafuta nyingine. Memori kadi inasaidia kwa picha na muziki, lakini programu nyingi na data zake hubaki ndani. Ndiyo maana kati ya A06 ya 64 na ya 128, mimi sioni kwamba kuna mjadala. Tofauti ya bei ni ndogo ukiigawa kwa miezi utakayokaa nayo. Ukibahatika kukuta ya RAM GB 6 na memori 128, usiondoke bila kuuliza bei yake, ingawa haipatikani kila duka.

Sasa upande wa utetezi, na ni utetezi wenye nguvu. Samsung iliahidi kuipa A06 matoleo mawili mapya ya Android, kuanzia ile 14 iliyokuja nayo, na maboresho ya usalama kwa miaka minne, yaani mpaka 2028. Kwa simu ya laki tatu hilo si jambo dogo. Zipo simu nyingi za bei hii ambazo ukishatoka nazo dukani ndiyo mmeagana na kampuni. A07 imekwenda mbali zaidi: imeahidiwa matoleo sita, ina prosesa nzuri zaidi ya Helio G99, na kioo chake kinateleza kwa Hz 90 badala ya 60, yaani hujichora upya mara 90 kwa sekunde.

Swali langu ni kwamba ahadi hiyo inamfaa nani, na kwa nini. Ukisikiliza matangazo utadhani simu isiyopata maboresho itaibiwa pesa kesho yake. Kwetu wezi wa mtandaoni hawahangaiki na matundu ya Android kiasi hicho. Wanatuma "ile pesa tuma kwenye namba hii", au wanapiga wakijifanya wahudumu, au wanasambaza kiungo cha mkopo wa haraka ili upakue programu yao nje ya Play Store. Hakuna toleo la Android litakalomzuia mtu kutaja namba yake ya siri kwa mdomo wake. Na hofu kwamba simu itakataliwa na programu nayo ipunguzwe. WhatsApp iliiacha Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, toleo lililotoka 2013. Kwa mwendo huo, simu yenye Android 14 itafika miaka ya 2030 bado inapokewa. Programu za benki ni kali zaidi, hilo nakubali, na kwa mwenye akiba yake kwenye simu miaka minne ya viraka vya usalama ni kitu cha kulipia.

Ila kuna ukweli ambao ahadi haiusemi: kila toleo jipya la Android huja na mahitaji yake, na RAM ni ile ile. Simu ya GB 4 iliyopandishwa toleo mara mbili inaweza kuwa salama na wakati huo huo ikawa kero kuishika. Miaka minne ya Samsung ina thamani kamili pale tu simu yenyewe itakapovumilia miaka minne, na kwa toleo la RAM GB 4 na memori 64 sina imani hiyo.

Mpinzani wa kweli wa A06 mtaani ni Transsion, kampuni ya Shenzhen yenye Tecno, itel na Infinix, ambayo ilijijenga Afrika kabla wengi hawajaliona soko hili. Walitengeneza kamera zinazojali ngozi nyeusi, simu za laini mbili, na betri za kukaa muda mrefu, na hawakupendwa bure. Tecno Spark Go 1, nayo ya 2024, ina kioo cha Hz 120, kinga ya IP54 dhidi ya vumbi na mrusho wa maji, spika mbili, na chaja ya wati 15 ndani ya boksi. Prosesa yake ya Unisoc T615 inakaribiana na G85. Inatumia Android Go, toleo lililopunguzwa uzito, jambo ambalo kwa RAM ya GB 4 ni busara, ingawa wauzaji hawalitaji wakidhani linashusha hadhi. Ukiziweka mkononi zote mbili, Spark Go 1 ndiyo itaonekana ya bei kubwa. Inakopungukiwa ni kwenye ahadi ya maboresho, ambayo haiko wazi kama ya Samsung, na kwenye matangazo na programu za kusukumiziwa zinazochosha mpaka uzizime moja moja.

Kuhusu ufundi, zote mbili ziko salama. Vioo na betri vya Samsung za mfululizo wa A na vya Tecno vinajulikana na mafundi karibu wote, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue ya Nairobi. Kioo chao ni LCD, kisichopendeza juani, chenye piseli 720 kwa 1600 ambazo kwa inchi 6.7 si nyingi, lakini siku kikipasuka hakikufilisi. Hoja hii ndiyo inayowaangusha wanaoshauri kununua simu kubwa iliyotumika. Kwa laki tatu unaweza kupata simu ya daraja la juu ya miaka mitano sita iliyopita kutoka Dubai au Ulaya: kamera nzuri kweli, memori ya UFS, kioo cha AMOLED. Kwa mwendo itaiacha A06 mbali. Lakini betri imeshachoka, maboresho yamekwisha au yanakwisha, na kioo cha AMOLED kikipata mstari wa kijani, gharama ya kukibadilisha inaweza kukaribia bei uliyonunulia. Bado hujajua kama ilifungwa na mtandao wa nje au na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Kwa mtu mwenye fundi anayemwamini na jicho la kukagua, used ni chaguo zuri kuliko zote mbili. Kwa mtu anayemnunulia mzazi simu ya kupokea video za wajukuu, ni kumtafutia safari za kwa fundi.

Kamera nisiipe aya ndefu. Megapikseli 50 za A06 huunganishwa nne nne, kwa hiyo picha ya kawaida ni kama megapikseli 12. Lenzi ya pili ya megapikseli 2 ipo kwa ajili ya kufifisha mandhari ya nyuma, na ingetolewa wachache wangegundua. Mchana inatosha kuuzia nguo Instagram. Usiku, hapana.

Chaja ni jambo jingine. A06 inakubali wati 25, lakini ndani ya boksi hukuti chaja, waya tu. Ukiichomeka kwenye kichaja cha zamani cha wati 5, betri hiyo itakula saa tano au zaidi kujaa, na kwenye nyumba ambayo umeme unakatika jioni hilo ni tatizo la kila siku. Ongeza bei ya chaja nzuri kwenye hesabu yako kabla hujailinganisha na Tecno inayokuja nayo. Chaja feki za elfu tano ndizo zinazowapa mafundi kazi ya kubadilisha mfumo wa chaji.

Mambo mawili ya kujaribu hapo hapo kaunta, maana boksi halitayakuambia. Fungua ramani, jizungushe uone kama mshale unazunguka nawe. Simu nyingi za daraja hili hazina dira ndani, na anayeishi kwa kutafuta anuani atalijua hilo vibaya. Kisha piga simu, iweke sikioni, uone kama kioo kinazima. Zile zinazokisia ukaribu wa sikio badala ya kuupima hubonyezwa na shavu katikati ya mazungumzo. Ukiwa hapo piga *#06#, linganisha namba ya utambulisho wa simu (IMEI) na ya kwenye boksi, na udai risiti.

Kwa mwenye fedha taslimu na mwenye mpango wa kukaa na simu mpaka 2028, ningemwambia A06 ya 128, au ajikaze kidogo afike A07. Mwanafunzi anayetaka kioo laini na spika zenye kelele, Spark Go 1 haitamsikitisha. A06 ya 64 naiacha kwa mtu wa simu na WhatsApp ya familia peke yake, aliyezima upakuaji wa video tangu siku ya kwanza. Na kwa anayechukua kwa mkopo wa kulipa kila siku, ile mipango ambayo ukichelewa kulipa simu inajifunga, ajumlishe malipo yote mpaka mwisho kabla hajasaini. Jumla huwa juu ya bei ya taslimu, na mara nyingine pengo hilo peke yake lingetosha kumtoa kwenye 64 kumpeleka 128.