Usingizi mzito: kinachopungua usiku si hasara

Kuhusu kazi ya usingizi mzito katika ubongo kuna kambi mbili. Moja inasema usingizi huo hukaza miunganiko ya seli za neva, nyingine inasema huilegeza. Ya kwanza ndiyo inayopendwa, na si ajabu: mtu hujifunza jambo, hulilalia, akiamka analimudu vizuri zaidi, basi hudhaniwa kuwa usiku kuna kilichoongezwa. Kambi ya pili inapotamka neno “kupunguza”, wengi husikia hasara. Hapo ndipo inapoonewa.

Hoja yake ilitolewa mwaka 2003 na Giulio Tononi na Chiara Cirelli wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Tukiwa macho tunajifunza bila kukoma, hata tusipokusudia, na kujifunza huko hukuza sinapsi, yaani maungio ambamo seli moja huipasha nyingine habari. Ukuaji huo una gharama. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na sehemu kubwa yake huishia kwenye mawasiliano ya sinapsi. Zikiachwa zinenepe siku baada ya siku, nishati haitatosha, nafasi itabana, na jambo la maana halitatofautika na upuuzi, kwa kuwa yote yatapokelewa kwa nguvu ileile. Lazima uwepo wakati wa kushusha, na wakati ufaao ni ule ambao hakuna mapya yanayoingia.

Mwaka 2017 kundi hilohilo lilichapisha katika jarida la Science vipimo vya sinapsi 6,920 za gamba la ubongo wa panya, zilizopigwa picha kipande kwa kipande kwa hadubini ya elektroni. Kazi hiyo ilichukua miaka minne, na waliopima hawakujua sinapsi ipi ni ya panya aliyelala na ipi ni ya aliyekesha. Matokeo: baada ya usingizi, eneo ambalo seli hugusana lilikuwa dogo kwa wastani wa asilimia 18.

Asilimia 18 kwa usingizi mmoja! Lakini huo ni wastani, na wastani huficha mengi. Sinapsi zilizosinyaa ni kama asilimia 80, nazo zilisinyaa kwa uwiano, kila moja kadiri ya ukubwa wake. Asilimia 20 hivi, zile kubwa kuliko zote, ambazo huenda ndizo zinazobeba kumbukumbu zilizokwisha kukomaa, hazikuguswa. Kitu kikipunguzwa kwa uwiano, mpangilio wake haupotei: iliyokuwa na nguvu kuliko jirani yake inabaki hivyo, na zile zilizoachwa zinazidi kujitokeza. Kumbe mtu anaweza kuamka akikumbuka vizuri zaidi bila chochote kuongezwa.

Kambi ya kukaza nayo ina ushahidi mzito. Mwaka 2014 kundi la Wen-Biao Gan wa Chuo Kikuu cha New York liliwafundisha panya kukimbia juu ya fimbo inayozunguka. Kwa waliolala baada ya mafunzo, vichomozo vipya, yaani vinundu vidogo ambavyo sinapsi hukaa juu yake, vilichipuka kwenye matawi ya seli zao kwa wingi zaidi kuliko kwa walionyimwa usingizi, na seli zilizofanya kazi wakati wa mafunzo ziliamka tena katika usingizi mzito. Hilo haliwezi kupuuzwa. Tena picha za hadubini ya elektroni hulinganisha panya huyu na yule, haziifuati sinapsi ileile kabla na baada ya usingizi. Hata hivyo, vichomozo vipya kwenye matawi machache havipingani na maelfu ya sinapsi kusinyaa kwingineko. Anayeyaona matokeo hayo kuwa yameiua hoja ya kupunguza anadai zaidi ya yaliyopimwa.

Kasoro hiyo ya kutofuata kabla na baada ilishughulikiwa, kwa kuzifuata sinapsi za seli ileile, mwaka 2024 na watafiti wa University College London, waliotumia samaki pundamilia wachanga, ambao miili yao hupitisha mwanga. Sinapsi ziliongezeka samaki wakiwa macho na kupungua walipolala, kama Tononi na Cirelli walivyotarajia. Ila zilipungua pale tu haja ya usingizi ilipokuwa kubwa, hasa nusu ya kwanza ya usiku. Usingizi ulioletwa kwa dawa wakati haja hiyo ni ndogo haukuzipunguza. Samaki si mtu, lakini hata kwa binadamu mawimbi makubwa ya polepole, ambayo ndiyo alama ya usingizi mzito, hukolea mwanzo wa usiku na kufifia kadiri kunavyokucha.

Kwa hiyo upande ninaouunga mkono una swali ambalo haujalijibu: kama kupunguza hukamilika mapema, saa zilizobaki hadi alfajiri zinafanya kazi gani? Wanaotafuta ushahidi wa kukaza, ningewashauri wapime saa hizo.