Watoto tisa wa kweli, kumi hewa

Juni 8, 2021 gazeti la Pretoria News la Afrika Kusini lilitangaza kuwa mkazi mmoja wa Tembisa amejifungua watoto kumi kwa mkupuo: wavulana saba, wasichana watatu, kwa upasuaji, mimba ikiwa na wiki 29. Haikuchukua muda habari ikazunguka dunia nzima. Juni 23 serikali ya jimbo la Gauteng ikaeleza kuwa vipimo havikuonyesha dalili ya mimba ya karibuni, na hakuna hospitali iliyowapokea watoto hao. Walikuwa watoto hewa.

Kwa kawaida kinacholaumiwa ni haraka ya kuchapisha. Waliodandia habari hiyo kweli walikurupuka, lakini gazeti lenyewe lilikuwa limezungumza na wahusika mwezi mmoja kabla na kukubali kuitunza habari hadi mama ajifungue. Muda lilikuwa nao. Kilichokosekana ni mkaguzi, kwa sababu aliyeiandika, Piet Rampedi, ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti. Habari ya mwandishi wa kawaida inaweza kurudishwa na mhariri wake ikiwa na swali pembeni. Ya bosi nani ataithubutu?

Na maswali yenyewe hayakuwa magumu. Kichanga wa wiki 29 huhitaji mashine ya joto, mara nyingi msaada wa kupumua, na hulishwa kwa mpira. Zidisha mara kumi, ongeza wahudumu wa kumpokea kila mtoto chumba cha upasuaji: wodi nzima inatikisika. Basi ni hospitali gani? Daktari gani? Watoto wana uzito gani? Taarifa ya kwanza haikuwa na jina la hospitali wala daktari, na picha ilikuwa ya mama mjamzito, bila kichanga hata mmoja. Siku chache baadaye baba mwenyewe alisema haamini kuwa watoto hao wapo.

Wapo wanaosema dawa ni kusubiri tamko la serikali. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mama kutoka Mali alijifungua watoto tisa huko Casablanca, Morocco. Wizara ya Afya ya Mali ilitangaza. Msemaji wa Wizara ya Afya ya Morocco akasema hana taarifa hizo. Anayesubiri tamko angeitupa habari ya kweli. Iliyoiokoa ni kliniki yenye jina, Ain Borja, ambayo mkurugenzi wake alijitokeza na kueleza: watoto wana kati ya gramu 500 na kilo moja.

Kwetu Tanzania hoja hii ina uzito zaidi. Machi 12, 2021 Waziri Mkuu Majaliwa aliwaambia wananchi mjini Njombe kwamba Rais Magufuli yupo na anaendelea na kazi. Machi 17 kikatangazwa kifo chake. Katikati ya hapo polisi walikamata watu kwa kusambaza kwamba Rais anaumwa. Chombo cha habari kilichonyamaza hakikuchapisha uongo, lakini kiliwaachia wasomaji wake magrupu ya WhatsApp, na anayedai kuwa kimya hakina gharama anajidanganya.

Kwa hiyo mimi sioni shida kutoa habari mapema, ilimradi utoe kile ulichonacho. "Gazeti ladai mama kajifungua kumi, hospitali haijatajwa" ni habari halali, hata dakika ya tano. "Mama ajifungua kumi" ni kiapo. Kuficha "kwa mujibu wa" aya ya nne hakusaidii, maana kinachosambaa kwenye simu ni kichwa cha habari peke yake. Wala vyombo vitano si vyanzo vitano: fuata kila kimoja kimetoa wapi, na vyote vikiishia Pretoria News una chanzo kimoja tu.

Kisha kuna masahihisho, ambako wengi huharibu mara ya pili kwa kufuta chapisho kimyakimya. Picha ya skrini inabaki mitaani, ukurasa uliotakiwa kuikanusha haupo. Acha kiungo kilekile, badilisha kichwa, andika juu kabisa kilichokosewa na saa kiliporekebishwa, halafu kirushe tena kwenye akaunti zilezile zilizorusha kosa. Pretoria News haikufanya hata hilo: ilishikilia kuwa watoto wapo na wanafichwa.