Bastola ya Kwanza ya Mmarekani wa Kipato Kidogo: Bei ya Chini Inaonewa

Mmarekani anayetafuta bastola yake ya kwanza akiwa na dola 600, na hajui dola 600 nyingine zitatoka wapi, hupewa ushauri uleule karibu kila anapouliza: subiri, dunduliza, ununue Glock, chapa ya bastola inayoheshimika, au kitu cha hadhi hiyo. Akitaja Hi-Point C9, inayouzwa kwa takriban dola 200, anachekwa. Akitaja Taurus G3C ya dola 270 hivi, anaulizwa kama uhai wake una thamani ndogo kiasi hicho. Ushauri huo una hoja, nami nitaifikia. Lakini hesabu yake imeishia njiani, na anayeumia kwa kuishia njiani ni huyohuyo asiye na akiba.

Kwanza tuitazame bastola inayochekwa. Bastola nyingi za milimita 9 (hicho ni kipenyo cha risasi) hufunga upande wa nyuma wa mtutu kwa muda mfupi sana risasi inapolipuka, hadi shinikizo lipungue, ndipo zinajifungua na kutema ganda. Utaratibu huo unataka vipande vilivyochongwa kwa usahihi, na usahihi ni pesa. Hi-Point, kampuni ya jimbo la Ohio, iliuacha. Bastola yake inategemea springi na uzito wa slaidi tu, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Ndiyo maana slaidi ni nene kupita kiasi, silaha nzima ina zaidi ya gramu 800, na magazini yake hubeba risasi 8 tu. Slaidi hiyo humiminwa kwa aloi ya zinki badala ya kuchongwa kwenye chuma. Ni nzito, ni mbaya machoni, na haifai kuvaliwa kiunoni kutwa nzima. Ila mtu anayetaka silaha ya kukaa nyumbani hajali sana uzito, na kampuni huitengeneza bure ikiharibika, hata mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu. Kila kasoro hapo ina sababu inayoeleweka, na sababu yenyewe ni bei.

Dharau dhidi ya bastola za bei ndogo ina historia ndefu, na wanaoirudia leo wachache huikumbuka. Mwaka 1879 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku uuzaji wa bastola isipokuwa zile za aina ya jeshi la nchi kavu na la majini. Arkansas ikafuata mwaka 1881. Bastola za kijeshi zilikuwa kubwa na ghali. Maaskari wa zamani waliopigania majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa nazo tayari, na watu weusi waliotoka utumwani miaka isiyofika ishirini nyuma hawakuwa na uwezo wa kuzinunua. Watunga sheria walisema wanapambana na silaha za kufichwa mifukoni, na mauaji ya mitaani yalikuwepo kweli. Hata hivyo ni vigumu kuitazama sheria inayomruhusu mwenye pesa na kumzuia asiye nazo, katika Kusini ya miaka ile, ukasema haikujua inamlenga nani.

Karne ya ishirini ikaleta jambo lilelile kwa lugha nyingine. Baada ya kuuawa kwa Martin Luther King na Robert Kennedy, sheria ya mwaka 1968 ilizuia kuingiza nchini bastola ndogo zisizohesabiwa kuwa za michezo. Zilizozuiwa zilikuwa hasa za bei nafuu kutoka Ulaya. Mahitaji hayakwenda popote. Mwaka 1970 George Jennings alianza kutengeneza bastola ndogo ya kaliba .25 (kipenyo cha risasi kwa inchi) karibu na Los Angeles, chini ya jina la Raven, na kampuni za ndugu na jamaa zikazaliwa kuizunguka: Bryco, Davis, Lorcin, Phoenix. Sheria iliyokusudiwa kuondoa bastola hafifu ilihamisha kiwanda tu, ikakileta nyumbani, ambako masharti ya kuingiza bidhaa hayakuwa na nguvu.

Hapa ndipo upande wa pili unapostahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu ushahidi wake mzito unatoka katika viwanda hivyo. Bastola moja ya Bryco ilibuniwa hivi kwamba mtu hawezi kuitoa risasi bila kwanza kuondoa kizuizi cha usalama. Mwaka 1994, huko California, mtu mzima alipokuwa akijaribu kuitoa risasi, ilifyatuka ikampiga mtoto wa miaka saba, akapooza. Mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni na mmiliki wake wanawajibika kulipa sehemu ya fidia ya madhara hayo, na Bryco ikafilisika. Taurus nayo ina doa lake: mwaka 2016 mahakama iliidhinisha makubaliano kuhusu aina tisa za bastola zake za zamani zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka. Asemaye kwamba rahisi ni ghali hakosi ushahidi. Silaha si redio ya bei poa ambayo ikigoma unaizima na kulala.

Ila tazama jambo lingine. Januari 2017 Jeshi la Marekani liliichagua SIG P320, bastola ya bei ya juu kutoka kampuni yenye heshima. Agosti ya mwaka huohuo, baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka kwa pembe fulani, kampuni ilianza kuwaita wateja wazirudishe zirekebishwe. Bei haikuwalinda. Kilichowasaidia ni kwamba mtu aliichukua silaha, akaiangusha, akaandika kilichotokea. California ililijua hilo mapema: tangu mwaka 2001 bastola mpya kuuzwa huko lazima ifaulu jaribio la kuangushwa na jaribio la kufyatua risasi 600 bila kukwama zaidi ya mara 6. Hiyo ni sheria nzuri. Inapima ubora na kuuacha mfuko wa mtu. Bahati mbaya, mwaka 2013 jimbo lilianza kudai kila bastola mpya ya nusu-otomatiki, yaani inayojipakia yenyewe kila inapofyatuliwa, ichapishe alama ndogo kwenye ganda la risasi, jambo ambalo watengenezaji hawakulifanya, na kwa takriban miaka kumi hakuna modeli mpya ya aina hiyo iliyoingia kwenye orodha ya bastola zinazoruhusiwa kuuzwa huko. Mwenye kipato kidogo akabaki akichagua kati ya modeli za zamani kwa bei ya bidhaa adimu.

Sasa hesabu. Wanaosema "subiri, dunduliza" huhesabu bei ya bastola, wakaishia hapo. Glock 19 mpya ni takriban dola 550. Mwenye dola 600 anabakiwa na 50, kabla ya kodi ya mauzo. Risasi ya mazoezi ya milimita 9 ni kama senti 25. Dola 50 ni risasi 200. Hakuna mafunzo hapo, hakuna sanduku la kufungia, hakuna ada ya uwanja wa shabaha. Mtu huyo amenunua bastola bora ambayo hajui kuitumia, na usiku wa kwanza itakaa droo ya kando ya kitanda.

Mchukue sasa aliyenunua ile ya dola 270. Sanduku dogo la chuma lenye kufuli, dola 45. Darasa la siku moja kwa wanaoanza, dola 100. Risasi 500, dola 125. Safari tatu za uwanja wa shabaha kwa dola 20, jumla 60. Zikusanye: 600 kamili, hapa pia kabla ya kodi. Bastola yake ina triga nzito zaidi na itachakaa mapema kama atafyatua maelfu kwa mwaka, lakini hatafyatua maelfu. Hana pesa za maelfu. Na zile risasi 500 zina kazi ya pili ambayo wengi huisahau: ndizo zinazomwonyesha kama silaha aliyoichukua inakwama. Bastola ya bei ndogo iliyofyatuliwa mara mia tano mbele ya macho yako inakupa uhakika kuliko ya bei kubwa uliyoitoa kwenye boksi na kuiamini kwa sababu ya jina lake. Sidhani kuna hoja ya upande wa pili inayoifuta hesabu hii. Inayoikaribia ni kwamba Glock huhifadhi thamani na unaweza kuiuza bila hasara kubwa. Ni kweli, lakini anayenunua silaha kwa kuhofia mlango wake kuvunjwa hafikirii siku ya kuiuza.

Kuna njia ya katikati, nayo ni mtumba. Mwaka 2015 FBI iliamua kurudi kwenye milimita 9 baada ya miaka mingi ya kaliba .40, na idara nyingi za polisi zikaifuata. Glock 22 za kaliba .40 zikarudishwa madukani kwa maelfu, na nyingi huuzwa kwa dola 300 hadi 350. Bastola ya polisi hubebwa sana na kufyatuliwa kidogo: rangi imechubuka kwa kuingia na kutoka alani, lakini ndani mara nyingi ni nzima. Badilisha springi ya slaidi, na usitarajie alama za kulengea ziwake gizani, kwa kuwa gesi ya tritium inayoziwasha hupoteza nusu ya nguvu yake kila miaka 12 hivi. Kinachopunguza unafuu ni risasi: kaliba .40 inakaribia senti 35, kwa hiyo zile risasi 500 zinakugharimu dola 50 zaidi. Rivolva za .38, yaani bastola za silinda inayozunguka, ambazo zamani ndizo zilikuwa mtumba wa polisi, zina shida hiyohiyo kwa ukubwa zaidi, na Smith & Wesson Model 10 nzuri imepanda kuelekea dola 400 kwa sababu wakusanyaji wamezigundua. Kwa mwenye mikono dhaifu isiyoweza kuvuta slaidi, rivolva bado ndiyo jibu. Kwa wengine, milimita 9 inashinda kwa sababu ya bei ya risasi tu.

Nimeliweka sanduku la dola 45 kwenye bajeti kwa makusudi. Mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa risasi, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu wazima milioni 26 wa California, ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa silaha mara 8 hivi kuliko wanaume wasio nayo, na wanawake mara 35 hivi. Hatari ilikuwa kubwa kabisa katika kipindi kifupi baada ya ununuzi wa kwanza. Takwimu hiyo inamhusu mnunuzi huyuhuyu tunayemzungumzia. Hofu yake ni ya mtu wa nje anayevunja mlango, na hatari kubwa iliyomo kwenye takwimu imelala ndani ya nyumba. Sheria ya mwaka 2005 inamlazimu muuzaji mwenye leseni kutoa kifaa cha kufungia pamoja na kila bastola, kwa kawaida kebo ya chuma na kufuli, na kebo ni afadhali kuliko hakuna. Lakini kebo hukaa kwenye boksi. Sanduku linalofunguka kwa namba ndani ya sekunde chache lina nafasi kubwa zaidi ya kutumiwa, na humzuia mtoto, kijana wa miaka kumi na sita mwenye huzuni asiyoisema, na mgeni. Halimzuii mwenye namba. Nyumba ambayo mtu wake mmoja yuko kwenye giza la moyo, ushauri wangu hauhusu bei: asinunue sasa, na iliyopo ihamishwe.

Wenzetu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaoishi Ohio, Texas au Minnesota wana swali moja la kutangulia yote haya: wako nchini kwa hati gani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua. Aliye kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika bastola ya rafiki uwanjani, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, na kosa hilo laweza kumwondoa nchini.

Mzee Otis McDonald, mstaafu mweusi wa Chicago ambaye nyumba yake ilivunjwa mara kadhaa, ndiye aliyepeleka marufuku ya bastola ya jiji lake hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kushinda mwaka 2010. Haki ikawa ya wote kwenye karatasi. Baada ya hapo mvutano umehamia kwenye gharama. California iliongeza ushuru wa asilimia 11 mwezi Julai 2024, Colorado asilimia 6.5 mwezi Aprili 2025, juu ya asilimia 10 ya shirikisho ambayo tayari imo kwenye bei ya bastola. Watetezi wanasema fedha hizo zinakwenda kwa wahanga na kwa kuzuia mauaji, na hilo ni lengo ninaloliheshimu. Lakini ushuru huo unatozwa pia kwenye risasi za mazoezi. Kwa mwenye dola 600, utaanza kula darasa, kisha risasi, na sanduku la dola 45 ndilo atakaloona anaweza kuishi bila hilo. Jimbo linalotaka vifo vipungue lingeanza kwa kumpa sanduku hilo bure pale pale kaunta, kwa fedha za ushuru huohuo.