Nafasi Zilizotengwa India: Nani Hasa Anabebwa?

Kila matokeo ya mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari yanapotoka India, ugomvi ni uleule: kijana wa kasti ya juu, yaani tabaka la kuzaliwa nalo, amekosa nafasi; Mdalit, yaani mtu wa kasti za chini kabisa zilizoitwa za "wasioguswa", mwenye alama pungufu ameipata kwa mgao. Lalamiko hilo si la kubeza. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi kupita kiasi, na mzazi aliyekopa ili mwanawe asome tuisheni hafarijiki kuambiwa kuhusu dhuluma za mababu. Isitoshe, ndani ya asilimia 15 ya nafasi za vyuo na kazi za serikali wanayotengewa Wadalit, watoto wa waliokwisha kuinuka huwatangulia wenzao. Agosti 2024 Mahakama ya Juu iliruhusu majimbo kuugawa mgao huo ndani kwa ndani ili walio chini kabisa nao wafikiwe.

Ila wanaosema "sifa tu zitumike" huchukulia kwamba nje ya mgao uwanja ni sawa. Twende basi sekta binafsi, ambako mgao haupo. Watafiti Sukhadeo Thorat na Paul Attewell waliyapelekea makampuni maombi ya kazi yenye elimu inayolingana, tofauti ikiwa jina. Katika matokeo yao ya 2007, uwezekano wa mwenye jina la Kidalit kuitwa ulikuwa kama theluthi mbili tu ya ule wa mwenye jina la kasti ya juu. Wenye majina ya Kiislamu walifanya vibaya zaidi. Hapo sifa zilikuwepo, tena kwa maandishi.

Takwimu inayonikosesha raha kuliko zote, hata hivyo, ni ya ndoa. Utafiti mkubwa wa kaya wa 2011-12 ulikuta ndoa za kuvuka kasti ni kama 5 katika kila 100. Hiyo ni miaka 60 na ushei tangu Katiba ya 1950, ambayo kamati yake ya uandishi iliongozwa na Ambedkar, mwenyewe Mdalit, ipige marufuku kumtenga mtu kama asiyeguswa. Wapo watakaosema ndoa ni mambo ya watu na familia zao. Sawa, lakini ndoa ndiyo inayoamua nani atakuwa mjomba wako na nani shemeji yako, na mtaji wa kwanza wa duka hutoka kwa mjomba, habari ya kazi hutoka kwa shemeji, mdhamini wa mkopo naye ni wa humohumo. Ukoo ulionyimwa ardhi vizazi na vizazi, ukaachiwa kuchuna ngozi na kuzoa kinyesi, unamkopesha kijana wake nini? Kuzoa kinyesi kwa mikono kumekatazwa kwa sheria ya 1993 na nyingine ya 2013. Wanaofia kwenye mashimo ya majitaka bado ni Wadalit kwa sehemu kubwa. Ujomba hautangazwi gazetini, wala hakuna mahakama inayoweza kuutengea asilimia. Mgao wa serikali unagusa pembe ndogo tu ya haya.

Mwaka 1990, Waziri Mkuu V. P. Singh alipotangaza asilimia 27 ya kazi za serikali kwa kasti nyingine zilizo nyuma, mbali na Wadalit, wanafunzi walifurika barabarani na baadhi yao wakajichoma moto, wakitetea sifa. Mwaka 2019 ukaongezwa mgao wa asilimia 10 kwa maskini wasio kwenye migao mingine, yaani hasa wa kasti za juu. Mahakama ikaubariki 2022, majaji 3 kwa 2. Safari hiyo barabara zilikuwa shwari.