Haijakidhi Vigezo

Sasa hata kompyuta imejifunza lugha ya maofisa mikopo. Leo asubuhi nimeiwasha nichape barua kwa baba mwenye nyumba, barua ya heshima kabisa, ya kuomba subira hadi tarehe tano. Kabla sijamaliza kuandika "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kioo chote kikageuka. Kikanishukuru kwanza kwa uaminifu wangu wa miaka yote. Mtu akianza kwa kukushukuru, wewe tafuta kiti ukae. Halafu kikaniambia kwamba mashine yangu haijakidhi vigezo vya kuhamia Windows 11.

Kunyimwa nimezoea. Nimenyimwa kazi, nimenyimwa kiwanja, nimenyimwa mkopo na watu waliokuwa wananipigia simu wenyewe kuniuliza kama nataka mkopo. Lakini hao wote walininyima wakiwa ofisini kwao. Hii imekaa juu ya meza yangu, inakula umeme wangu wa LUKU, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama watoto kwa mkono wake, na bado ina mdomo.

Nikasema nisiwe na hasira za bure, nisome vigezo vyenyewe. Windows 10, hii ninayotumia, Microsoft waliacha rasmi kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Anayetaka kulindwa mwaka mmoja zaidi anaweza kulipia dola 30, na hapo anasogezwa hadi Oktoba 2026. Anayetaka kuhamia 11 lazima prosesa yake, ule ubongo wa mashine, kama ni ya Intel, iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Ya kwangu ni ya kizazi cha nne. Mimi ukoo wangu mwenyewe naujua mpaka baba wa babu, hapo pumzi inakata, leo naulizwa kizazi cha nane. Wanataka pia kichipu cha kutunzia siri kinachoitwa TPM, toleo la 2.0. Mimi ninalo la 1.2. Siri zenyewe zipi? Humo ndani kuna barua za kuomba kazi, picha za misiba, na orodha ya watu waliokula keki za mama watoto na hawajalipa. Hiyo orodha si siri, sisi tungependa isomwe hadharani.

Nyumbani kila mtu ana maoni. Kijana wangu wa kidato cha tatu ananiambia "baba, tuongeze RAM", ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa sauti ile ile anayosema tuongeze chumvi. Mama watoto anataka mashine ifunguke kabla mteja hajabadili mawazo. Kuna mpwa wangu wa chuo, yeye kila akija kula anasema "mjomba, weka Linux, Ubuntu ni bure kabisa", kisha anaongeza wali. Na jirani wa juu, ambaye alitangaza korido nzima kwamba amefunga RAM ya GB 8, mashine yake ikahesabu GB tatu na vipande, kwa sababu fundi aliyemwekea Windows alimwekea ile ya biti 32, ambayo hata uiwekee RAM za nchi nzima haiwezi kuhesabu kuvuka nne. Jirani hajasema neno tena kuhusu kompyuta. Siku hizi anazungumzia kuku.

Nami kusema kweli sipingi. Mashine imezeeka. Naibonyeza, naenda kuoga, narudi, navaa, nakunywa chai, naikuta bado inazungusha vile vidoti vyake. Hadidiski yake, ile ya kutunzia mafaili, inazunguka mara 7,200 kwa dakika, hilo limeandikwa kwenye karatasi yake, sasa sijui kasi yote hiyo inaelekea wapi, maana kwangu haifiki. Na kile kibetri chake cha ndani kilikufa zamani, hivyo kila umeme ukikatika inaamka ikiamini tupo mwaka 2013. Kuna siku naiacha iendelee kuamini hivyo. Bei za mwaka 2013 mimi nazikumbuka kwa mapenzi.

Basi nikaikumbatia CPU yangu, lile boksi zima, mpaka Kariakoo. Konda akataka nilipie mzigo. Nikamwambia huu si mzigo, ni ofisi. Akasema basi ofisi ilipe.

Fundi yupo ghorofani, ukipita wauza mabegi na yule dada wa vocha anayekaa katikati ya ngazi makusudi. Kijana mdogo, kofia kaigeuza nyuma, bisibisi sikioni. "Karibu bosi." Nikaketi kwenye stuli yenye miguu minne inayotofautiana kimo. Akaifungua mashine, akachungulia, akatikisa kichwa taratibu, akauliza lile swali ambalo nadhani ndilo wanalofundishwa siku ya kwanza.

"Bosi, hii mashine nani aliigusa?"

"Ninyi."

"Sisi?"

"Hapa hapa. Kwenye stuli hii hii."

Akafikiri. "Ahaa. Yule dogo tulishamfukuza."

Akachukua blowa, na vumbi lililotoka humo lingetosha kupigia lipu choo cha nje. Watu wa duka la pili wakafunga mlango. Likatoka vumbi, zikatoka nywele ambazo nyumbani kwangu hakuna mwenye nywele za namna ile, akatoka mjusi mkavu amekunja mikono kifuani kwa adabu, ikatoka sarafu ya shilingi mia mbili. Sarafu nikaidai. Fundi akasema hiyo ni ya usafi.

"Sasa bosi, unataka tuitibu au tuipandishe daraja?"

Kupandishwa daraja! Mimi mtumishi wa muda mrefu, neno hilo likinipita masikioni mwili unasisimka wenyewe. Nikakaa sawa, kadiri stuli ilivyoruhusu. Nikasema tuipandishe. Tuweke prosesa ya kizazi cha nane, ikidhi vigezo, yaishe.

"Haikai," akasema.

"Haikai vipi?"

"Tundu la hii yako ni la pini 1150. Kizazi cha nane ni 1151."

Nikamtazama. "Pini moja?"

"Moja tu, bosi."

"Yaani pini moja ndiyo inaninyima?"

"Ndiyo hiyo."

"Si uikunje?"

Hakucheka. Akanieleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba si suala la kukunja. Tundu ni lingine, umeme umepangwa kwingine, na hata hizo madabodi, zile bodi kubwa ambazo vyote huchomekwa juu yake, zenye tundu la 1151 zipo za mwanzo ambazo kizazi cha nane zinakikataa vilevile. Kwa hiyo prosesa mpya inataka madabodi mpya. Sawa, nikasema, madabodi. Akasema ila madabodi hiyo RAM zako haizimezi: zako ni DDR3, za pini 240, yenyewe inakula DDR4, za pini 288, na hata kile kijipengo cha katikati kimehamishwa ili mtu mbishi asilazimishe. Alipofika kwenye "mtu mbishi" aliniangalia. Sawa, nikasema, na RAM. Akasema ila pawasaplai ya hizi mashine za kontena ina soketi ya kwao wenyewe, haiingii kwenye madabodi ya kawaida, hivyo pawasaplai nayo. Na ukishaweka pawasaplai ya kawaida, hiki kikesingi chembamba hakiitoshi, hivyo kesingi nayo.

Nikanyamaza. Kuna mbu alipita. Nikamuuliza kwa utaratibu, kwa sauti ya kikao, "Fundi. Kwenye mashine yangu niliyokuja nayo, kinabaki nini?"

Namsifu kwa jambo moja, hakukurupuka. Akakizunguka kile kiunzi, akakiinua, akakigeuza.

"Waya wa umeme," akasema. Kisha kwa kuwa ni mkweli, akaongeza, "Ila nao umechubuka."

Nikamwambia basi tuache daraja, niuzie RAM tu. Za zamani, za kwangu, hizo DDR3 ambazo nani anazitaka duniani. Akavuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu, akashusha pumzi. RAM zimepanda, bosi. Zimepandishwa na nani? Na akili mnemba. Nikadhani ananipiga kamba, maana mjini hapa hata maandazi yakipungua ukubwa utaambiwa ni vita vya mahali fulani. Lakini kumbe ni kweli: vile vituo vikubwa vya akili mnemba vinafagia chipu za kumbukumbu zote, mpaka Micron, ambao ni wakubwa kwenye biashara hiyo, Desemba 2025 walitangaza wanaachana na RAM zao za Crucial za kuuzia watu wa kawaida, wawahudumie hao wakubwa. Yaani mtu huko Marekani anauliza roboti imtungie shairi la paka, mimi Kariakoo naongezewa bei.

"Lakini hao wanataka za kisasa," nikasema. "Za kwangu za zamani hawazitaki."

"Hawazitaki kabisa."

"Kwa hiyo za zamani zimeshuka."

"Zimepanda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zile nyingine zimepanda."

Hoja hiyo naijua. Ndiyo ya nauli. Haina pa kushika.

Kufikia hapo mashine ilikuwa haiwaki kabisa. Ilikuja inawaka, nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu. Inabonyezwa, inalia titi tatu, inazima. Fundi akatoka nje, akamsimamisha mtoto wa shule aliyekuwa anapita na mama yake, akaazima kifutio. Kile cha kufutia penseli, cheupe, kimeng'atwa pembeni. Akazichomoa RAM, akazisugua pale kwenye vimeno vya dhahabu vya kuchomekea, akapuliza, akapachika, akabonyeza, kioo kikawaka. Mtoto akarudishiwa kifutio chake. Mimi nikaambiwa elfu kumi.

"Elfu kumi ya kifutio?"

"Ufundi, bosi. Kifutio ni bure."

Hapo ndipo heshima yangu ilipoondoka. Nilisema maneno. Nilisema kuhusu kodi, kuhusu umeme, kuhusu baba mwenye nyumba ambaye hayumo kabisa kwenye mambo ya RAM, nikamtaja na konda. Dada wa vocha alipanda ngazi kuja kusikiliza. Nilipotulia tukakubaliana elfu nne, na nikabaki nimesimama hapo hapo mpaka alipofunga skrubu ya mwisho, maana wote tunajua RAM ya mtu huenda wapi ukigeuza shingo kununua maji.

Wakati ananiandikia risiti nyuma ya boksi la sigara, fundi akaniambia jambo pekee la maana siku ile, bure. Achana na prosesa. Hiyo hiyo i5 uliyonayo kwa kuchapa barua na kupiga hesabu za keki haijashindwa. Kinachokuua ni hadidiski. Toa, weka SSD, ile diski isiyozunguka, ya GB 256, laini moja ya data na moja ya umeme, hakuna pini ya kugombania. RAM ipandishe kutoka GB 4 hadi 8, basi. Akanipigia hesabu, pamoja na kibetri na kuhamisha mafaili, laki moja na ishirini. Nami nilishayaona haya kwa mwalimu mmoja mtaani kwetu, mashine yake kongwe kuliko yangu, alipoweka SSD ikawa inafunguka kabla hajavuta kiti. Kwa hiyo si maneno ya kuuzia. Vigezo itakuwa bado haijakidhi, lakini itakuwa haijakidhi kwa haraka.

Laki moja na ishirini ninayo. Yaani nilikuwa nayo, mpaka nilipofika nyumbani nikakuta kadi.

Harusi ya binti wa mwenyekiti wa mtaa. Singo elfu hamsini, dabo laki moja, na jina langu limeandikwa na "pamoja na mwenza", kwa hiyo uamuzi wameshanifanyia. Kwenye kundi la WhatsApp nimeingizwa bila kuulizwa, na nimeshateuliwa katibu, kwa kuwa, nanukuu, "yeye ana kompyuta". Kazi yangu ni kuchapa orodha ya ahadi, kuibandika kila Jumamosi saa mbili usiku, na kuwaandikia kwa wino mwekundu ambao hawajatoa. Nikaeleza kwamba kompyuta ni mgonjwa, nahitaji kuifanyia matengenezo ili niitumikie kamati ipasavyo. Mhazini akaniuliza mbele ya watu mia na kitu, "Kwa hiyo katibu anaomba kamati imnunulie kompyuta?" Vikaja vikatuni vya kucheka. Mwingine akapendekeza nitoe ahadi yangu kwanza ili niwe mfano. Bwana harusi mtarajiwa, ambaye hata simjui sura, akaweka dole gumba.

Keki wanamtaka mama watoto aitengeneze, matabaka matano, "kwa bei ya jirani". Katika orodha yetu ya madeni majirani ndio wamejaa ukurasa wa kwanza. Ukumbi umeshalipiwa nusu, wa mapambo anataka yote mkononi, na kikao kizima cha jana kimeishia kwa mshereheshaji mmoja anayedai milioni moja na nusu. Nikauliza, kwa nafasi yangu ya katibu, kazi yake hasa ni nini. Nikajibiwa kwamba ndiye anayesema "pigeni vigelegele". Na wa kuvipiga wameshateuliwa, ni kina mama wa mtaa, bure.